Barua ya wazi kwa wanaofadhili mageuzi ya polisi: ulizeni kwanza askari amelipwa lini

Kwa mawaziri wa nchi wafadhili, wakuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na Umoja wa Afrika, na wote mnaotia saini fedha za kujenga upya polisi na majeshi katika nchi zenye vita.

Waheshimiwa,

Nimekuwa mkalimani katika kozi zenu. Nimekaa mbele ya madarasa, mwalimu kutoka ng'ambo upande huu na askari upande ule, nikiyahamisha maneno. Nchi sitaitaja, kwa kuwa watu ninaowasimulia bado wamo kazini. Siku ya nne ya kozi mojawapo, somo likiwa haki za mtuhumiwa, konstebo aliyekaa nyuma aliinua mkono akaniambia: "Muulize mwalimu, yeye mshahara wake wa mwezi uliopita ameshaupata?" Nikatafsiri. Mwalimu akatabasamu, akadhani ni utani wa kuchangamsha darasa, akaendelea na somo lake. Darasani hakuna aliyecheka. Wale watu walikuwa na miezi mitatu hawajaona senti, na jioni baadhi yao wangerudi kwenye kizuizi cha barabarani, maana riziki ya watoto wao ilikuwa inatoka pale.

Nawaandikia kwa sababu ya swali lile. Halikujibiwa siku ile, na nikiisoma mipango yenu ya miaka zaidi ya 20 iliyopita, ni mara chache mno nimeona limetangulizwa. Kinachotangulia ni idadi ya waliofuzu, ya magari yaliyokabidhiwa, ya redio za mawasiliano, ya vituo vilivyopakwa rangi mpya. Mimi naomba mpangilio ugeuzwe. Fedha yenu ya kwanza iufuate mshahara hadi uingie mkononi mwa askari. Ya pili iyafuate malalamiko ya raia hadi yafike kwa hakimu. Kozi zije baadaye.

Chukueni mfano wa Afghanistan. Mwaka 2009, mkoani Wardak, askari polisi wapatao 50 walianza kulipwa kwa simu kupitia M-Paisa, huduma iliyofuata nyayo za M-Pesa ya Kenya. Wengi wao wakadhani wameongezewa mshahara kwa asilimia 30 hivi. Hakuna aliyeongezewa hata kidogo. Walikuwa wanaupokea mshahara wao mzima kwa mara ya kwanza, kwa sababu kabla ya hapo noti zilipita mikononi mwa makamanda, na kila mkono ulibakiza chake. Kamanda mmoja alichukizwa na kukosa fungu lake kiasi cha kuwataka askari wake wamkabidhi laini zao za simu.

Tangu mwaka 2002 nchi zenu zilikuwa zikichangia mfuko maalumu, ukisimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, wa kulipa mishahara hiyo hiyo. Kwa hiyo fedha ilikuwepo. Ilitoka kwa walipa kodi wenu, ikafika Kabul, ikashuka mikoani, ikapungua kila iliposhuka ngazi. Wakati huo huo mlikuwa mnabishana juu ya mitaala. Ujerumani, iliyopewa jukumu la kuongoza mageuzi ya polisi mwaka 2002, ilitaka maofisa wasome chuoni kwa miaka. Marekani, iliyokuja na fedha nyingi zaidi, ikaandaa kozi ya wiki 8 kwa askari wa doria. Nayasema haya nikiwa mtu niliyekula mkate wa kozi: ubishi ule ulikuwa wa maana kwa wakufunzi, lakini kwa raia aliyesimamishwa kizuizini haukubadilisha kitu. Awe aliyemsimamisha amesoma wiki 8 au miaka mitatu, ikiwa hajalipwa, atanyoosha mkono.

Mwisho wa safari ile mnaujua. Marekani peke yake ilitumia karibu dola bilioni 90 kwa vikosi vya usalama vya Afghanistan, navyo vikasambaratika Agosti 2021. Baadaye mwaka huo Khalid Payenda, aliyekuwa waziri wa fedha wa nchi hiyo, aliieleza BBC kwamba wengi wa askari 300,000 walioandikwa kwenye orodha hawakuwepo. Askari hewa. Iraq nayo ilipitia hayo. Juni 2014 mji wa Mosul uliangukia mikononi mwa wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu (IS), waliokuwa wachache kuliko walinzi wake, na Novemba mwaka huo waziri mkuu Haider al-Abadi akatangaza kwamba majina 50,000 katika divisheni nne yalikuwa ya watu ambao hawapo kazini. Desemba 2017 Marekani ikasimamisha msaada wa chakula na mafuta kwa sehemu kubwa ya jeshi la Somalia, kwa sababu vitu havikuwa vikiwafikia askari. Mabara tofauti, lugha tofauti, wizi ule ule wa kupitia orodha ya malipo.

Wapo kati yenu walioliona hili mapema, nami nataka watajwe, kwa sababu kazi yao haina picha nzuri za magazetini. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Umoja wa Ulaya ulianzisha EUSEC, ujumbe wa kusaidia mageuzi ya jeshi, mwaka 2005. Wataalamu wake hawakuanza na shabaha wala gwaride. Walianza na swali la nani anazishika fedha. Jeshini mshahara ulikuwa ukipita kwa kamanda, kisha kwa kamanda aliye chini yake, na kwa hiyo kamanda alikuwa na kila sababu ya kuongeza majina na kupunguza bahasha. Wakasisitiza kwamba anayetoa amri asiwe ndiye anayelipa. Wakahesabu askari mmoja mmoja, wakachukua alama za vidole, wakatoa vitambulisho, na majina mengi mno yakakosa mwenyewe wa kujitokeza. Baadaye serikali ikaanza kulipa kupitia benki. Haikuwa dawa ya kila kitu, maana askari aliye porini, siku mbili kwa miguu kutoka benki ya karibu, bado ana shida yake. Hata hivyo, nikiulizwa ni msaada upi wa kigeni uliogusa mzizi, nitautaja huo kabla ya chuo chochote.

Kongo hiyo hiyo inaonyesha pia kinachotokea mafunzo yakitangulia peke yake. Mwaka 2010, mjini Kisangani, Marekani ilifundisha kikosi kizima cha makomando, batalioni ya 391, kiwe kielelezo kwa jeshi zima. Walifundishwa vita na walifundishwa kuheshimu haki za binadamu. Novemba 2012 waasi wa M23 waliiteka Goma, jeshi likarudi nyuma kwa vurugu hadi mji wa Minova, na kwa siku kadhaa wanajeshi wakapora na kubaka. Umoja wa Mataifa ulihesabu wanawake na wasichana zaidi ya 100 waliobakwa. Batalioni ya 391 ilikuwa miongoni mwa vikosi vilivyotajwa. Kesi ilisikilizwa, na Mei 2014 mahakama ya kijeshi ikatoa hukumu: kati ya washtakiwa 39, waliopatikana na hatia ya kubaka walikuwa 2.

Naomba msiisome namba hiyo ya mwisho kwa haraka. Ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Wanawake wale walitoa ushahidi, wengine wakiwa wamejifunika nyuso, mbele ya watu wenye sare zilezile. Mlikuwa mmelipia mafunzo, na mkalipia hata sehemu ya gharama za kesi. Ambacho hakikuwa kimejengwa ni upelelezi wa kumuunganisha askari fulani na tendo fulani, mahakama isiyomwogopa kanali, na waendesha mashtaka wenye uwezo wa kumfuata aliye juu. Vitu hivyo huchukua miaka, na hakuna anayevipigia makofi siku ya kufuzu, kwa kuwa havina siku ya kufuzu.

Kuna neno moja ambalo nimelitafsiri mara nyingi kuliko jingine lolote: uwajibikaji. Kila mwalimu alikuja nalo. Nami nilijifunza kusubiri kidogo baada ya kulisema, kwa sababu lazima mtu angeuliza, "Uwajibikaji kwa nani?" Konstebo anamjua anayeweza kumwadhibu. Ni mkuu wake, yule yule anayemdai mgawo wa makusanyo ya kizuizini kila jioni. Mnapomwambia awajibike bila kumwonyesha mwingine wa kuwajibika kwake, mnamzidishia utii kwa mkuu huyo.

Huyo mwingine lazima awe raia, na raia lazima awe na mahali pa kushtaki. Katika vituo vingi vya polisi vya nchi zenye vita, mama anayefika kuripoti kwamba binti yake ameumizwa huambiwa alete karatasi ya kuandikia maelezo, na mafuta ya gari la kumfuata mshukiwa. Akiwa hana, jalada halifunguliwi. Mshukiwa akiwa ni askari, jalada halifunguliwi hata akiwa navyo. Mkitaka kujua kama mageuzi yenu yanafanya kazi, msiende chuoni. Nendeni kwenye kaunta ya kituo, ombeni daftari la matukio, muone yameandikwa mangapi na mangapi yamefika mahakamani.

Hamuwezi kusema hamjui jinsi ya kulifanya hili. Mmelifanya kwenu. Ireland ya Kaskazini ilipotoka kwenye miaka 30 ya vita vyake, tume iliyoongozwa na Chris Patten ilitoa ripoti mwaka 1999 yenye mapendekezo 175. Sehemu kubwa yake ilihusu nani anamsimamia polisi na nani anaandikishwa. Kukawa na ofisi huru ya kuchunguza malalamiko dhidi ya polisi, nje ya polisi wenyewe. Kukawa na bodi yenye wanasiasa na raia. Kwa miaka 10, kuanzia 2001, nusu ya kuruta wote walitakiwa watoke katika jamii ya Wakatoliki, ambayo hapo awali ilikuwa na takriban asilimia 8 tu ya askari, hata wakafikia karibu asilimia 30. Miaka 10, waheshimiwa, katika nchi tajiri, yenye mahakama zinazofanya kazi na mishahara isiyochelewa. Kisha mnakwenda mahali ambapo hata rejista ya vizazi imeungua, mnaandika mradi wa miezi 24.

Liberia nayo inastahili kukumbukwa. Baada ya mkataba wa amani wa Accra wa 2003, jeshi la zamani lilivunjwa na likaundwa jipya dogo la askari wapatao 2,000, na wakati wa kuwachuja, picha na majina ya walioomba yalitangazwa hadharani ili raia aseme: huyu namfahamu, huyu alichoma kijiji chetu. Ni jambo la gharama ndogo. Lilimpa mtu wa kawaida sauti kabla bunduki haijatolewa, na sioni kwa nini lisifanywe kila mahali, kwa polisi na kwa wanajeshi, pamoja na ulinzi wa kweli kwa anayejitokeza kusema.

Sasa niseme lililo gumu zaidi kulisema kwa mtu anayewategemea. Mara nyingine mnachokitafuta si polisi wa raia. Mnatafuta kikosi cha kupambana na adui wenu, au cha kuwazuia wahamiaji wasifike mipakani kwenu, mnakiita polisi kwa sababu bajeti ya polisi hupita kwa urahisi bungeni. Nchini Afghanistan askari polisi alipewa bunduki, akawekwa kwenye kituo cha mbali barabarani, akafa kwa wingi kama askari wa miguu, huku tukimtarajia pia asuluhishe ugomvi wa mpaka wa shamba. Nchini Mali, Umoja wa Ulaya ulifundisha jeshi kuanzia 2013 hadi 2024. Kapteni Amadou Sanogo aliyeongoza mapinduzi ya 2012 alikuwa amepitia mafunzo nchini Marekani, na Assimi Goïta aliyeongoza yale ya 2020 naye alikuwa amefunzwa na Wamarekani. Mafunzo yalimpa askari uwezo. Nani mwenye haki ya kumwamuru, na nani wa kumhukumu, hayo yalibaki kama yalivyokuwa.

Na mwalimu mnayemtuma naye aangaliwe. Tarehe 25 Juni 2024 kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, kikiongoza ujumbe ulioidhinishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio 2699 la Oktoba 2023. Siku hiyo hiyo, Nairobi, polisi walikuwa wakiwafyatulia risasi za moto waandamanaji walioingia bungeni. Siwalaumu askari waliokwenda Haiti. Walikwenda kusaidia watu walio kwenye dhiki kubwa, na baadhi yao hawakurudi hai. Nauliza ninyi mliotoa fedha: mlipochagua, mliuliza nini kuhusu rekodi? Tena mliahidi nguvu ya watu 2,500, na mwanzoni mwa 2025 walikuwa takriban 1,000 tu, vifaa vikichelewa. Haiti imepokea wakufunzi wa polisi wa kigeni tangu polisi wake wa kitaifa walipoundwa mwaka 1995. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ameshakuwa mzazi.

Kuondoka nako kuna namna yake. Timor Mashariki ilikabidhiwa polisi wake na Umoja wa Mataifa mwaka 2004, kazi ikaonekana imekwisha. Miaka miwili baadaye jeshi na polisi, vyombo viwili vilivyojengwa kwa fedha za wafadhili bila mtu kupatanisha chuki kati yao, viligeuziana bunduki. Mei 2006, mjini Dili, wanajeshi waliwapiga risasi polisi waliokuwa wameshaweka silaha chini na kusindikizwa na maofisa wa Umoja wa Mataifa. Wakafa 8. Umoja wa Mataifa ukalazimika kurudi na ujumbe mpya.

Mtaniambia kulipa mishahara ya askari wa nchi nyingine ni kuingilia mamlaka yake, na kwamba serikali itazoea kulipiwa. Hoja ya pili ina uzito, nami sitaki mlipe milele. Lakini tayari mnalipa. Mnalipa kwa jina la posho. Nimeona kozi ambazo posho ya wiki moja ilizidi mshahara wa miezi miwili. Ndiyo maana nilikuwa nikizikuta sura zile zile katika somo la upelelezi, kisha la jinsia, kisha la usimamizi wa silaha: mpwa wa mkuu, dereva wa mkuu, karani wa mkuu. Yule anayelala kizuizini hakuitwa. Fedha hiyo hiyo, ikiwekwa kwenye utaratibu wa malipo wenye ratiba ya serikali kuchukua mzigo hatua kwa hatua, ingemfikia yeye.

Sheria mnazo. Marekani ina Sheria ya Leahy tangu miaka ya 1990, inayokataza msaada kwa kikosi chenye ushahidi wa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Umoja wa Mataifa una sera yake ya tahadhari ya haki za binadamu kwa vikosi unavyovisaidia, tangu 2011. Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2151 mwaka 2014, likisema mageuzi yaongozwe na nchi yenyewe. Tatizo ni kwamba nchi hufasiriwa kuwa wizara. Wanawake wa Minova ni nchi. Vijana wanaosimamishwa barabarani ni nchi. Hao sijawahi kuwatafsiria katika kikao chochote cha kupanga mradi, kwa kuwa hawakualikwa.

Ninachoomba ni kidogo kuliko mnavyotumia sasa. Kwa kila mradi mnaofadhili, chapisheni kila baada ya miezi mitatu, kwa lugha zinazozungumzwa mahali hapo: askari wangapi wamelipwa kwa tarehe na kwa kiasi kamili, malalamiko mangapi dhidi ya askari yamepokelewa, mangapi yamefika mahakamani, na yaliishaje. Pasiposomeka namba hizo, msifungue chuo kipya. Na msiweke tarehe ya kuondoka kabla hazijatulia kwa miaka kadhaa mfululizo.

Mkija kukagua, mtapokewa kwa gwaride, na litakuwa zuri, maana gwaride hufanyiwa mazoezi. Likiisha, ombeni kukaa na konstebo wa safu ya nyuma, mkuu wake asiwepo, na mkalimani mje naye ninyi wenyewe. Mpeni nafasi aanze yeye kuuliza.

Ni mimi,
Mkalimani